Nani Aende Kilingeni Dar?

Nikisema paukwa leo mniitikie wote, pamoja na wewe mwenye sabuni kidevuni, maana sitaki mtu aje kuniambia baadaye kwamba hakuwepo. Paukwa. Haya, asanteni.

Nyinyi mnaonyolewa hapa mnawajua vijana wangu wa kilinge. Kila Jumapili mchana wanasimama duara hapo nje ya saluni, mmoja anagonga biti kwenye meza, mwingine anachana mistari ya rap, na mimi kinyozi naambulia kelele. Katika duara hilo wamo watatu ambao Mungu alimgawia kila mmoja chake.

Namnyaki alipewa maneno. Mama yake anachambua maharage ghalani, na huyo binti akikaa na kalamu anaweza kukuandikia harufu ya gunia mpaka upige chafya. Tatizo lake, akichana anakimbia, kama anaogopa kukatizwa.

Sifaeli, yule fundi wa kuchomelea mageti, alipewa sauti. Akikusalimia tu unahisi ameshakupa pole. Mistari yake mwenyewe lakini, jamani, ni magari na miwani ambayo hana.

Twaha hana maneno wala sauti. Akichana hata mbwa anahama kivuli. Yeye alipewa watu. Anajua nani kafiwa, nani kapata mtoto, na fundi mitambo gani anakunywa chai bila sukari.

Sasa, kilingeni sheria ni moja na waliiweka wenyewe: unachana ulichoandika wewe. Ukikamatwa na mistari ya mwenzako, duara zima linakupa mgongo. Nimeshaona kijana mzima akilia hapo nje kwa sababu ya migongo hiyo.

Mwezi uliopita fundi mmoja wa studio, rafiki wa Twaha, aliwapa nafasi ya bure, asubuhi moja tu. Wakaamua warekodi wimbo wa Namnyaki kuhusu mama yake. Siku yenyewe ilipofika, sauti ya binti ilikuwa imemkauka kabisa. Hata "shikamoo" ilikuwa haitoki.

"Sifa, niwekee sauti yako kwa muda," akamnong'oneza Sifaeli. "Nikipona tutaifuta, niweke yangu."

"Na sheria?"

"Sheria ni ya kilingeni. Hapa ni studio, na mwenye mistari ndiye anayekuomba."

Sifaeli akaingia. Alipofika pale mama anapopepeta mpaka vumbi linamkaa kwenye kope, akashusha sauti, akanyamaza kidogo, kisha akamalizia taratibu. Fundi akavua hedifoni, akajifuta macho kwa shati. Na mistari ni ileile ambayo Namnyaki aliichana hapa nje mara chungu nzima, watu wakitazama simu zao.

Kesho yake akaja hapa Arusha jamaa mmoja wa Dar, mtangazaji mwenye kipindi cha redio cha wasanii wasiojulikana. Kila mwaka anaandaa kilinge kikubwa, na anayesimama pale anasikika nchi nzima. Alikuja kwenye harusi ya dada yake. Twaha hakualikwa, ila alibeba spika pamoja na wafunga muziki, akavuta waya, akampelekea mgeni maji, akamuuliza habari za safari. Muziki hakuutaja, mpaka jamaa mwenyewe alipouliza, "Na huku mnachana?" Twaha akamrushia wimbo aliokuwa nao kwenye simu, na aliokuwa nao ni ule wenye sauti ya Sifaeli.

Jana jamaa akapiga. "Namtaka yule kijana anayemsimulia mama yake," akasema. "Nafasi imebaki moja, ya mtu mmoja. Kesho saa kumi nitapiga tena mnipe jina, niliweke kwenye tangazo." Twaha akamuomba waende watatu. Akakataa. Akaomba wawili. Jamaa akasema mmoja, au ampe mwingine.

Hapo ndipo waliponiletea balaa lao. Wamekua mbele ya macho yangu, wananiita kaka Zakayo, basi wakadhani kichwani mwangu mna mahakama.

Namnyaki akaanza. "Kaka Zakayo, yule ni mama yangu. Vumbi lile nalifua mimi kwenye khanga zake. Akienda Sifaeli, siku nikiuchana wimbo ule mimi wataniambia namuiga yeye. Nitakuwa nimemgawa mama yangu."

Nikasema kweli, aende Namnyaki.

Sifaeli akasema, "Mimi sikuiba. Niliombwa, na nilikubali huku naogopa. Lakini aliyeitwa ni mwenye ile sauti. Akipanda Namnyaki wataulizana yule kijana yuko wapi. Na mimi pia, kaka, miaka yote hii hakuna mtu aliyewahi kuniita popote, isipokuwa geti lake limevunjika."

Nikasema kweli, aende Sifaeli.

Twaha akacheka, lakini cheko lenyewe halikuwa zuri. "Mnagombania mlango niliobisha mimi. Ningesubiri koo lipone, jamaa angekuwa keshafika Chalinze. Nitumeni mimi. Sichani, nitasimama tu niwaeleze wimbo ni wa nani na sauti ni ya nani. Nikiwajua watu wa kule, mwakani tunaenda wote."

"Na ulipoutuma, ulishindwa nini kutaja jina langu?" Namnyaki akamuuliza.

"Hakuniuliza jina. Nikaona nikianza kueleza sana, atachoka na kuondoka."

Na mimi nikamuelewa hata huyo, Mungu anisamehe. Tangu jana nimevurugwa. Asubuhi nimemnyoa mzee Mollel upande mmoja nikamkung'uta shingo, nikamwambia tayari. Ameondoka na kofia.

Mtaniambia nimwambie jamaa ukweli. Nimeliwaza hilo usiku kucha. Kilinge chake kina sheria kama ya hapa, ila yeye ni mkali zaidi. Amewahi kumshusha mtu jukwaani kwa mistari ya kuandikiwa. Akisikia maneno ni ya huyu na sauti ni ya yule, nafasi atampa mwingine, na watoto hawa watabaki hapa na mimi na mashine zangu. Nikinyamaza, mmoja wao atapanda akiwa amebeba uongo, na wenzake watamsikiliza redioni wakiujua.

Wameshindwa kuelewana kabisa. Wamekubaliana jambo moja tu: nitakayemtaja mimi, ndiye. Twaha ameacha simu yake hapa kwangu. Sifaeli amesimama ng'ambo ya barabara, anajifanya anakagua geti la watu. Namnyaki ametoka bila kuniaga, na huyo binti hajawahi kupita mlango huu bila kuniaga. Nilipomuuliza anakwenda wapi, akasema anamfuata mama yake ghalani, kwa sababu mama bado hajui kwamba kuna wimbo.

Hiyo hapo, inaita. Punguzeni redio, na wewe usitikise kichwa, nina wembe mkononi. Jamaa anataka jina moja, na nikishalitaja siwezi kulirudisha mdomoni.

Sema upesi basi, wewe uliyekaa kitini, na wewe wa benchi: simu hii ingekuwa mkononi mwako, ungemtajia nani?