Nyumba Moja Nje ya Mstari

Sogeeni karibu. Na wewe wa mlangoni, ingia au toka, usinisimamie hapo. Leo nina kesi, si hadithi ya kubembelezea watoto. Nimeitoa mahali pengi, na kila mahali watu wameondoka wamenuniana. Sikilizeni, halafu mtaniambia.

Katika kata ya Mtunguja palikuwa na watu watatu wenye vipawa. Sengondo alikuwa msoma mita za maji, mstaafu, na kipawa chake kilikuwa kuhesabu. Akiangalia mita yako anajua mnalala wangapi humo ndani, hata yule mgeni unayemficha.

Bi Nakiete alikuwa mpishi wa misiba na harusi, mwenye masufuria makubwa kumi na mawili ya kuazimisha. Kipawa chake kilikuwa kukumbuka: sufuria lipi lilikwenda kwa nani, nani alilibeba, nani alikuja kumenya vitunguu na nani alikuja kula tu.

Mchome alikuwa refa wa mpira, na ndiye aliyechora mistari ya uwanja wa shule kwa chokaa. Kipawa chake kilikuwa kuwaonyesha watu kitu mpaka wakione. Mashabiki wa pande zote wamemtukana, lakini mstari wake haujapinda hata siku moja.

Mwenye kesi sasa ni Bi Nanzia. Mama huyu alikuwa na mdomo, na sisemi kwa ubaya. Diwani akimaliza kuhutubia, yeye alisimama akauliza maswali mawili tu, na jasho likamtoka diwani. Watu wakaanza kumwambia, "Mama, mwaka huu gombea wewe."

Ukafika wakati wa kupanga upya mipaka ya kata. Diwani akajifungia ofisini na rafiki zake na ramani. Walipotoka, mpaka uliokuwa ukifuata korongo ulikuwa umeharibika. Upande huu ulipanda, ukazunguka nyumba ya Bi Nanzia, ukashuka tena, hata nyumba hiyo moja ikatupwa kata jirani ya Lowa. Upande ule ulivuka korongo ukauchukua mtaa mzima wa shemeji zake diwani, ukauingiza Mtunguja. Sababu gani? Eti kusawazisha idadi ya watu!

Bi Nanzia hakuhama hata hatua moja. Kuku wake walikuwa wakidonoa ua uleule pamoja na kuku wa jirani. Lakini diwani alitangaza kwamba bomba, mikutano na kikundi cha kuzikana ni vya watu wa kata, na atakayebisha bomba la mtaa wake litafungwa. Watu wakaogopa. Hawakuwa wabaya, waliogopa tu, na kwa mtu aliyeachwa peke yake hilo halina tofauti. Siku ya kura mama alitembea saa moja na nusu mpaka Lowa, kuchagua kati ya watu asiowajua.

Mwaka huohuo mumewe akafariki. Watu wa Lowa hawakumjua marehemu. Majirani wa Mtunguja walisimama kwenye nyua zao, wakalia wakiwa kwao. Waliokuja ni watatu, hao niliowataja. Jeneza lilibebwa na watu wanne, na mmoja wao alikuwa mjane mwenyewe.

Kuanzia hapo, miaka saba, Sengondo alikuja kumtembelea Jumatatu, Bi Nakiete Jumatano, Mchome Ijumaa. Siku nyingine mama aliongea na kuku.

Mwaka wa saba wakaja wakaguzi kutoka mkoani kusikiliza malalamiko ya mipaka. Bi Nanzia akawaambia wale watatu, "Mimi udiwani siutaki tena. Ninachotaka, nikifa nizikwe na watu."

Sengondo akasema, "Dada, niachie mimi." Akapita nyumba kwa nyumba wiki tatu, magoti yakamvimba. Akawawekea wakaguzi daftari: kabla ya mstari mpya, kata hizi mbili zilipishana kwa watu kumi na wanne; baada yake, zinapishana kwa watu mia tisa. Wakaguzi wakasema, "Kweli, hapakusawazishwa kitu. Lakini namba tunaweza kuzirekebisha kwa kukata popote. Kwa nini nyumba hii irudi huku?"

Bi Nakiete akasema, "Wifi yangu, hapo ni pangu." Akasimama bila karatasi, akataja misiba arobaini na harusi ishirini na sita, sufuria moja baada ya jingine. "Lile lenye mpini uliokatika lilitoka kwa Bi Nanzia likaenda kwa jirani yake, Mzee Kirita, kwenye arobaini ya mama yake. Masufuria yangu hayajawahi kuvuka korongo. Hao shemeji wa diwani wana mpishi wao." Wakaguzi wakasema, "Tumesikia. Lakini ni neno la mtu mmoja. Majirani wako wapi?" Majirani walikuwa palepale, wameinamisha vichwa, maana diwani alikuwa ameketi mbele.

Mchome akasema, "Shangazi, subiri kidogo." Akachukua ndoo ya chokaa, akaichora ramani nzima kwenye uwanja wa shule, pamoja na ile kona. Akapuliza filimbi. "Kila mtu asimame nyumbani kwake!" Watu wakacheka, wakasimama. Kisha kicheko kikakatika, maana Bi Nanzia alikuwa amesimama peke yake nje ya chokaa, na jirani yake yuko hapa, mkono ukinyooshwa unamgusa. Mzee Kirita akaanza kulia. Akavuka mstari akasimama naye, na mwingine akafuata, na mwingine. Diwani alipotafuta wa upande wake, alibaki na shemeji zake.

Mpaka ukarudi korongoni. Bi Nanzia akaandikwa kwenye kikundi cha kuzikana, jina la kwanza kabisa.

Mngedhani yameisha. Ngojeni.

Wakaguzi walisema mpaka usichorwe tena na mwenye kuutamani udiwani. Atachaguliwa mtu mmoja ashike kalamu ya mipaka miaka kumi, na jina lake libandikwe ukutani kwa heshima. Lakini katika miaka hiyo hatapiga kura, hatakuwa kwenye kikundi chochote, hata cha kuzikana, wala hataingia nyumbani kwa mtu kula wala kupiga soga, asije akasemwa ana upande. Na kwa kuwa aliyedhulumiwa ni Bi Nanzia, jina aliandike yeye.

Wote watatu wakaitaka heshima hiyo. Sengondo akasema, "Bila hesabu yangu wasingetusikiliza. Tena nina miaka sabini na moja, naishi peke yangu, nimeshazoea." Bi Nakiete akasema, "Bila kumbukumbu yangu usingekuwa na pa kurudi. Masufuria nitagawa." Kisha akaanza kuyahesabu kwa vidole, akaishia la tatu. Mchome akasema, "Bila chokaa yangu wasingeona. Mimi nimezoea kutopendwa." Lakini ana watoto wanne, na mdogo bado ananyonya.

Bi Nanzia ameketi kibarazani, karatasi iko mapajani. Mjumbe anakuja kuichukua asubuhi. Anajua heshima ile ni ya nani kwa haki, au anadhani anajua. Anajua pia inavyokuwa mtu akiketi nje ya mstari huku akisikia wenzake wanacheka. Na mmoja wa wageni wake watatu, wa Jumatatu, wa Jumatano au wa Ijumaa, hatabisha hodi tena.

Usiniambie ajiandike mwenyewe, wewe uliyenyoosha kidole. Aliulizwa. Akasema, "Miaka saba imenitosha."

Haya, kalamu ni hii, chukua. Ungeandika jina la nani?