Chombo Kilichorithi Jina la Binti wa Nungunungu

Nipo!

— Tupo!

Nimekuja na mzigo.

— Utue tuuone.

Ni mzito.

— Tutakushikia upande.

Basi shikeni. Waliokuwapo ni hawa.

Alikuwapo Kiboko, mwenye kiwanda. Kiwanda chenyewe kilikuwa jineri, kinu cha kuchambulia pamba kilichoachwa, kando ya bwawa la Mwabuluga, na ndani yake ilitengenezwa tamthilia ya televisheni iitwayo Njia ya Mbali, habari za wanyama wanaosafiri katika nyota. Alikuwapo Ngiri, mpiga picha. Alikuwapo Kanga, mtangazaji. Nasema Kanga ndege, si kanga ya kuvaa. Alikuwapo Sange. Wengi humwita panya wa pua ndefu, nao wanakosea, kwa maana si panya, ni Sange, na kazi yake ilikuwa kubuni vyombo vya nyota na kuvipa majina. Alikuwapo Nungunungu, fundi, aliyeviunda vyombo hivyo kwa mkono wake.

Hakuwapo binti wa Nungunungu. Alikuwa amekwisha kufa, kwa homa, bado kigoli. Jina lake nitalitaja likifika mahali pake.

Sasa sikilizeni desturi ya nchi ile. Mtoto akifa kabla hajazaa, jina lake hunyamaziwa. Halitajwi nyumbani, halitajwi njiani, mpaka apatikane wa kulirithi. Akipatikana, jina hutangazwa mbele ya watu, kwa sauti, na tangu hapo ni lake. Kwa kawaida mrithi ni mtoto wa ndugu. Lakini Nungunungu hakuwa na ndugu, wala mtoto mwingine. Zamani watu walimwita Baba Fulani, kwa jina la binti yake. Binti alipokufa, wakaacha. Wakamwita Fundi.

Fundi akazeeka. Akaanza kukohoa. Asubuhi moja akamwambia Sange, "Mwanangu, wewe ndiwe mwenye majina. Chombo cha nyota kinaweza kurithi jina?"

Sange akakuna pua. "Kinakwenda?"

"Kinakwenda."

"Kina tumbo?"

"Kina tumbo. Nimelichonga mwenyewe."

"Watu wanakiita?"

"Kila Alhamisi, nchi nzima."

"Basi kinarithi, Mzee."

Nungunungu akasema, "Nataka nilisikie mara moja tu. Kifua hiki hakinipi muda."

"Utalisikia," akasema Sange.

Mtaniuliza, vyombo vile viliundwaje? Viliundwa kwa vibuyu. Kibuyu kirefu kilikuwa mwili, kifuniko cha sufuria kilikuwa mgongo, kioo cha tochi kilikuwa jicho. Ngiri alitundika kaniki nyeusi yenye matundu, akawasha taa nyuma yake, na matundu yakawa nyota. Chombo kikaning'inizwa kwa uzi wa katani, kikapita polepole mbele ya kaniki, vuuuu. Ukikitazama kwenye televisheni ungeapa kwamba kinakwenda mbinguni. Lakini uzuri wake hasa ulikuwa milingoti, mirefu, yenye weusi na weupe. Hiyo ilikuwa miiba ya Nungunungu mwenyewe. Aliing'oa mgongoni mwake, nyofu! Nyofu! Alipokuwa kijana iliota tena. Uzeeni haikuota.

Sange akaenda kwa Kiboko. "Bwana Mkubwa, chombo kipya ki karibu. Nina jina."

Kiboko alikuwa majini, ametoa pua na masikio. "Na mimi nina jina. Kiiteni Kiboko wa Kwanza."

"Na kitakachofuata?"

"Kiboko Mtukufu."

"Na kitakachofuata?"

"Kiboko Asiyeshindwa! Vyote Kiboko! Jineri ya nani?"

"Yako, Bwana Mkubwa."

"Kaniki ya nani?"

"Yako, Bwana Mkubwa."

"Basi usiniletee majina ya mabarabarani, we kipua. Nenda."

Sange hakubisha. Alirudi kwa Nungunungu, akakaa chini, akamweleza. Kisha akasema, "Mzee, iko njia, lakini ni mbaya. Tumpe anachotaka. Tumpe mpaka atapike. Ila vyombo vyako vitaungua."

"Vingapi?"

"Sijui. Mpaka achoke."

Nungunungu akageuka, akampa mgongo. "Ng'oa ya kushoto kwanza. Ya kulia niachie niilalie."

Nyofu! Nyofu! Nyofu!

Alhamisi ikafika. Watu wakajaa mbele ya televisheni, kwenye maduka, kwenye mashine za kusaga. Kiboko wa Kwanza akapita mbele ya kaniki, vuuuu, mzuri ajabu. Sange akawasha kiberiti. Puuu! Kanga akasoma kama alivyoandikiwa:

"Habari za kusikitisha. Kiboko wa Kwanza amepasuka tumbo. Hakuna aliyepona."

Sasa kumbukeni desturi. Jina likitangazwa kwa sauti mbele ya watu, linamshika mwenyewe. Asubuhi majirani wakaja bwawani na unga na kuni, wakilia: "Uuuwi! Kiboko wetu! Uuuwi! Amepasuka!"

Kiboko akaibuka. "Nani amepasuka? Niko hapa!"

"Tunakuona, Bwana," wakasema majirani, wakifuta machozi. "Lakini limetangazwa. Upokee unga."

Kiboko akautazama unga. Ulikuwa mwingi. Akapanua kinywa, akaufakamia, fwaku, fwaku, fwaku, wakati wenye kuuleta wamesimama na vitambaa vya machozi mikononi. Akamwambia Sange, "Hii biashara nzuri. Haya, lete Kiboko Mtukufu."

Sange akarudi kwa Nungunungu. "Hajachoka, Mzee."

"Ng'oa ya kulia."

"Utalalia nini?"

"Nitalala nimekaa."

Nyofu! Nyofu! Nyofu!

Alhamisi ikafika. Kiboko Mtukufu akapita, vuuuu. Puuu! Kanga akasoma: "Habari za kusikitisha. Kiboko Mtukufu ameanguka kwenye jua. Masalio hayajapatikana."

Asubuhi majirani wakaja. Safari hii hawakuja na unga. Walikwisha leta unga, sasa ilikuwa zamu ya mfiwa kuwalisha. Wakatandika mikeka, wakakaa matanga. Nyumbu wakaja na wake zao. Pundamilia wakaja na wakwe zao. Wakala nyasi zote za ukingoni, wakadai chai, wakalalamika kwamba sukari haitoshi.

"Ondokeni!" akanguruma Kiboko. "Niko hai! Tazama meno! Tazama tumbo!"

"Pole sana, Bwana," akasema Nyumbu mmoja mzee, akisogeza mkeka kivulini. "Uchungu humfanya mtu aseme mengi. Kuna maandazi?"

Walipoondoka, ukingo ulikuwa mweupe kama kiganja. Kiboko akakonda kidogo. Lakini kiburi hakikukonda. Akamwita Sange. "Hawa wajinga watazoea. Sasa lete Kiboko Asiyeshindwa. Huyo hawezi kuanguka, jina lenyewe linakataa."

Sange akarudi kwa Nungunungu. Alisimama mlangoni.

"Imebaki ya shingo," akasema Nungunungu, "na ya mkiani."

"Tuache, Mzee. Ni miezi ya baridi hii."

"Mwanangu, vyombo viwili vimekwisha ungua. Nikiacha sasa, viliungua kwa ajili ya nini? Ng'oa ya shingo. Ya mkiani iache. Hiyo nimeiwekea chombo kingine."

Akang'oa. Alipokuwa aking'oa, Sange alitazama pembeni, na Nungunungu, kwa kumtuliza, akawa anamsimulia jinsi binti yake alivyokuwa akijificha chini ya miiba hiyo wakati wa mvua, na jinsi alivyokuwa akicheka akitoka bila tone. Jina hakulitaja. Alisema "yule".

Alhamisi ikafika. Kiboko Asiyeshindwa akapita, vuuuu. Alikuwa mzuri kupita wote. Ngiri mwenyewe alisahau kamera, akabaki kuduwaa. Puuu! Kanga akameza mate, akasoma: "Habari za kusikitisha. Kiboko Asiyeshindwa ameshindwa."

Asubuhi majirani hawakuja. Walikuja ndugu wa Kiboko wawili kutoka mtoni, Magembe na Shinje, wamebeba kamba. Wakaanza kulipima bwawa.

"Mnafanya nini?" akauliza Kiboko.

"Tunagawana urithi," akasema Magembe. "Shika mwisho wa kamba hapo, tafadhali."

"Urithi wa nani? Mimi ni ndugu yenu! Niko hai!"

"Kaka," akasema Shinje kwa upole, "umetangazwa mara tatu. Mtu mwenye adabu angekwisha kukubali. Mimi nachukua upande wenye matope. Magembe atachukua mke."

Kiboko akatoka majini mbio, du, du, du, mpaka jineri. Akapiga magoti mbele ya Sange, na Sange akaonekana mrefu kwa mara ya kwanza maishani.

"Ondoa jina langu! Ondoa leo! Vyombo vyote, ondoa!"

"Nitaondoa, Bwana Mkubwa. Lakini Alhamisi ijayo ndiyo ya mwisho. Chombo cha mwisho hakiungui. Kinafika kwenye nyota ya mbali kuliko zote na kubaki huko."

Masikio ya Kiboko yakasimama. Tamaa, jamani! Machozi ya kuibiwa bwawa hayajakauka, naye akasema, "Hakiungui? Kinafika? Basi hicho kiite Kiboko."

"Unastahili," akasema Sange. "Ila waliokwisha kwenda huko kusikorudiwa ni wafu peke yao. Chombo hicho hurithi jina la marehemu. Kama unalitaka kweli, ndugu zako bado wako pale na kamba. Lala kidogo tu. Tutakufunika na kaniki."

"La! La! La!" Kiboko akarudi kinyumenyume. "Kiite marehemu yeyote! Lakini sikiliza. Tafuta marehemu asiye na ndugu. Sitaki mwingine aje hapa na kamba."

"Marehemu asiye na ndugu," akasema Sange, kana kwamba anafikiri. "Yuko mmoja."

"Mpe! Mpe, nenda!"

Jumapili Nungunungu aliunda chombo cha mwisho. Aliketi kwenye jua la mlangoni, mgongo wazi kama wa mtoto aliyezaliwa leo, akatetemeka, akachonga. Milingoti ilikuwa miiba ya mkiani. Mnajua miiba ya mkia wa nungunungu: ina uwazi ndani, akitembea inalia, chaka-chaka, chaka-chaka, na watu husema, huyo anakuja. Akaing'oa mwenyewe, mmoja mmoja, nyofu, nyofu. Alipoinuka kwenda kunywa maji hakulia. Alipita kimya, na Ngiri aliyekuwa amempa kisogo akashtuka kumwona kando yake. Kumbe chombo ndicho kilicholia. Kila upepo ulipokigusa kilisema chaka-chaka, chaka-chaka.

Sange akachonga jina ubavuni, herufi kwa herufi. Nungunungu hakusoma shule. Akapitisha kidole juu ya herufi hizo, taratibu, akaenda mwisho, akarudi mwanzo.

"Hapa pameandikwa nini?"

"Unajua, Mzee."

"Najua. Lisome."

Sange alifungua kinywa. Akakifunga. Kwa maana desturi ilikuwa desturi. Jina lililonyamaziwa likitajwa chumbani, bila watu, halirithiwi tena, linapotea moja kwa moja. Miiba yote ile ingekuwa imeungua bure.

"Alhamisi, Mzee," akasema. "Mbele ya watu. Kanga atalisoma kwa sauti, nchi nzima itasikia, na asubuhi yake hakuna atakayekuita Fundi. Watakuita Baba yake."

"Alhamisi," akasema Nungunungu.

"Siku nne tu."

"Haya, mwanangu. Si nyingi." Akakohoa. Akaendelea kupitisha kidole.

Alhamisi ikafika. Watu walijaa kuliko siku zote. Chombo kikapita mbele ya kaniki, vuuuu, chaka-chaka, chaka-chaka. Hakikuungua. Kilipita nyota ya kwanza, kikapita nyota ya pili, kikawa kidogo, kikawa nukta. Kanga akasimama, akakunjua mabawa, akasoma:

"Amefika. Chombo kilichofika kinaitwa Sikudhani, binti wa Nungunungu. Sikudhani amefika salama."

Nchi nzima ikaitikia, "Sikudhani!" Waliokuwa dukani, "Sikudhani!" Waliokuwa kwenye mashine ya kusaga, "Sikudhani!" Ndiyo maana nami leo naweza kulitaja. Kiboko, shingo ndani ya maji, alisikia akapumua, maana hakuna aliyekuja na kamba.

Nimeutua mzigo.

— Tumeupokea.

Funzo lake ni hili, na mlishike. Mdogo asishindane na mkubwa. Ujanja haufai kitu. Mwenye jineri akitaka jina lake kila mahali, mwandikieni kwa herufi kubwa, mkalale. Na mfiwa akiwaletea unga, msiule.

— Lakini Mzee, umekosea! Mfiwa ndiye anayeletewa unga. Na Sange alishinda!

Alishinda, ndiyo. Sikukataa.

— Na Baba Sikudhani? Alipolisikia jina alisemaje?

Nungunungu alikufa Jumanne.