Kiboko na Watoto wa Shingo ya Bata

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa mtama, na midomo isiyoshiba!

Basi, mlio mbali songeni. Hapo kale wanyama walilima. Bonde zima lilikuwa mtama: mwekundu wa uji, mweupe wa ugali, mweusi wa pombe, na ule wenye suke lililopinda kama shingo ya bata. Huo wa shingo ya bata alikuwa nao Kuchakulo, ndugu yake kindi, peke yake. Mkewe alikuja nao siku ya arusi, ndani ya kibuyu, na kila mavuno alichagua mbegu akazitundika juu ya meko, moshi uzilinde. Kisha mke akafa. Mbegu zikabaki zinaning'inia. Kuchakulo akazishusha, akazipanda mwenyewe, shimo kwa shimo, kama alivyokuwa akimwona.

Ndipo Kiboko akaja na mtama mgeni, pu! pu! pu! Mtama ulioundwa maabarani, suke wima kama mkuki. Funza akiuuma, funza anakufa.

"Mjomba," Kuchakulo akasema, "mtama wako mzuri. Ila upande ng'ambo ya mto. Upepo wa huku hubeba chavua hadi kwa jirani."

"Wewe mkia mtupu!" Kiboko akacheka, hoo, hoo, hoo. "Mtama wangu umepimwa na wataalamu. Hautembei."

"Waliupimia wapi, mjomba?"

"Kwetu."

"Na kwenu kuna mtama mwingine?"

"Hakuna hata bua moja! Ndiyo maana vipimo vilitoka safi."

Kiboko akapanda papo hapo. Upepo ukavuma, vuuu, vuuu.

Kuchakulo akavuna, akachagua mbegu, akatundika. Msimu uliofuata akapanda, na masuke yalipotoka akaona: katikati ya shingo zilizopinda, mengine yamesimama wima kama mikuki.

Pu! pu! pu!

"Huo mtama wangu!" Kiboko akanguruma. "Na penye mtama wangu, shamba ni langu. Kesho uhame."

"Una hakika ni wako, mjomba?"

"Wangu!"

"Utasema hivyo mbele ya baraza?"

"Hata mbele ya mbingu!"

Baraza likakaa. Mwamuzi alikuwa Mama Kanga, ambaye hakupenda kelele za mtu mwingine.

"Tazameni suke hilo," Kiboko akasema. "Baba yake ni mtama wangu."

"Rudia, mjomba, kuna wasiosikia."

"BABA YAKE NI MTAMA WANGU!"

Kuchakulo akainama kwa adabu. "Mama Kanga, mila yetu yasemaje? Mtu akiingia nyumba ya mwenzake bila hodi, akazaa humo, mtoto ni wa nani?"

"Wa mwenye nyumba!" baraza likajibu.

"Na yule aliyeingia?"

"Alipe ugoni!"

Kiboko akababaika. "Ngojeni... basi si wangu. Ni upepo tu."

"Kama si wako," Mama Kanga akasema, "umefuata nini shambani kwa mtu? Kama ni wako, lipa. Chagua, mzee, jua linachoma."

Ugoni ukawa huu: Kiboko ang'oe mtama wake wote, ahamie ng'ambo ya mto. Akaenda, pu... pu... pu...

"Umemweza, bwana!" wanyama wakapiga vigelegele.

Kuchakulo akarudi shambani, akang'oa masuke yaliyosimama, moja moja. Kisha akaketi mbele ya yale yaliyopinda. Yapi yalikuwa ya mkewe hasa, na yapi yalimficha mgeni ndani? Yote yalipinda vilevile. Akashika moja, akaliacha. Akashika jingine, akaliacha. Mkewe angejua kwa kuligusa tu.

Hadithi nimeitia ghalani, mlango nimeufunga. Nayo yatufunza hivi: msiwasumbue wakubwa kwa habari za upepo. Ngojeni hasara itokee, kisha mwende barazani. Mkishinda kesi, mtarudishiwa kila kitu.