Bahasha Saba za Senkondo

Mpenda bahasha hasomi barua. Mmesikia mwenzenu akiambiwa hivyo mkacheka, kisha mkaja kuniuliza imetoka wapi. Haya, sogeeni. Methali hii ilianza hivi.

Kule Usangi, milimani Upareni, alikuwapo fundi baiskeli mmoja, jina lake Senkondo. Mikono yake ilikuwa myeusi kwa grisi, lakini kabla ya kugusa bahasha aliinawa mara mbili kwa sabuni, kama anayekwenda kula kwa wakwe. Maradhi yake yalikuwa haya: alikusanya bahasha za barua za ndege, zile nyepesi zenye mistari myekundu na buluu pembeni, na hasa zenye stempu ya pikipiki za zamani. Pikipiki yenyewe hakuwa nayo, hata kengele yake. Bahasha alikuwa nazo tisini na tatu, zimelala ndani ya bati la biskuti kama watoto wachanga.

Mpenzi wake, Nakijwa, alipopata nafasi ya kusomea uuguzi Chekoslovakia, watu walimpa Senkondo pole. Yeye akamwambia binti, "Nasikia stempu za kule zina pikipiki. Usinisahau."

Nakijwa hakumsahau. Barua ya kwanza ilikuja na pikipiki yenye kigari cha pembeni. Senkondo akaifungua kwa mvuke wa birika, taratibu kama mkunga. Masikini, stempu ikabanduka, wino wa muhuri wa posta ukatapakaa. Siku tatu chakula hakikupita. Tangu hapo akaapa kwamba bahasha iliyofunguliwa ni kuku aliyenyonyolewa. Saba zilizofuata akazihifadhi vilevile zilivyofungwa. Majibu alituma, tena kwa adabu: "Mpenzi, nimepokea. Pikipiki ni nzuri mno. Mimi mzima."

Miaka miwili ikapita hivyo. Siku moja mchana, shangazi yake Nakijwa akasimama mbele ya kibanda chake, mikono kiunoni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, ila sikuja kuamkiwa. Nakijwa amerudi, hii wiki ya pili. Kwa nini humtaki?"

Spana ikamponyoka. "Amerudi? Nani kasema simtaki?"

"Wewe! Mtoto wa watu kakuuliza barua saba nzima utapeleka lini posa kwa baba yake, wewe unamjibu pikipiki! Sasa kesho inapokewa posa ya mwalimu wa Mwanga."

Senkondo akatazama bati lake. "Shangazi… sijazisoma."

"Kwani hujui kusoma?"

"Najua. Sikutaka kuzichana."

Shangazi akaketi juu ya tairi bovu, akacheka mpaka kitambaa kikamvuka kichwani. Alipopata pumzi akasema, "Beba hilo bati. Twende."

Nyumbani kwa baba yake, Mzee Mbwambo, Nakijwa aliwapokea kwa uso mkavu. Shangazi akaeleza yote, bila kuficha aibu hata moja. Nakijwa akamsogezea fundi wake bati.

"Basi zifungue hapa," akasema. "Usome kwa sauti, baba asikie."

Senkondo hakuomba birika. Akaingiza kidole, akachana ya kwanza, ya pili, ya tatu. Theluji, vidole kufa ganzi, kifua chako kinaendeleaje, na kila mwisho wa barua: posa lini? Kwenye ya nne alichana pikipiki nyekundu katikati, asiitazame hata mara moja. Macho yalikuwa yamemjaa machozi, anasoma kwa kubahatisha.

Akafika ya tano. Akasoma mstari mmoja tu. Nakijwa akaruka akamziba mdomo.

"Hiyo soma kimya!"

Mzee Mbwambo akakohoa. Akasema anakwenda kuangalia mbuzi wake, ingawa mbuzi walikuwa bado malishoni. Mlangoni akamgeukia dada yake.

"Mpelekee mwalimu salamu. Mwambie asijisumbue kupanda mlima."

Shangazi akashuka mteremko na salamu hizo, na mdomo wake mnaujua, haukuwa na kizibo. Kila aliyekutana naye njiani akamuuliza kulikoni kwa Mbwambo, naye akamjibu huku akijifuta machozi ya kicheko: "Ah, mwenzangu, mpenda bahasha hasomi barua!"