Sauti ya Nne Peke Yake

Wapendwa, kulikuwa na mwanakwaya mmoja, mwimbaji wa sauti ya nne, besi ya kutikisa madirisha. Alikulia kwenye kwaya. Enzi zile za karabai mama yake alikwenda naye mazoezini amembeba mgongoni, naye mtoto akalala fofofo huku watu wazima wakiimba. Raha iliyoje! Hata ukubwani, akisikia harufu ya mafuta ya taa, moyo wake ulirudi kanisani.

Basi kwaya ikagombana. Mnazijua kwaya zetu, msinicheke. Walivutana juu ya rangi ya sare mpaka wakanyimana salamu. Yule bwana akachoka, akasema, "Wanafiki watupu! Mungu yupo hata sebuleni kwangu." Akaacha kwenda. Je, alisema uongo? Hapana. Wanafiki walikuwepo, na Mungu yupo kila mahali.

Miaka ikapita, mama akaugua, akawa wa kitandani. Asubuhi moja akamwomba, "Mwanangu, niimbie ule wimbo wetu wa mavuno kabla sijaondoka."

Akaimba kwa moyo wote, sauti yake ileile ya nne. Mama akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole, "Mzuri, baba. Sasa niimbie ule niliokuomba."

Mama hakuutambua, maana besi peke yake haibebi wimbo! Yule bwana akajaribu kushika sauti ya kwanza, koo likagoma. Machozi yakamtoka. Akameza kiburi, akaenda kwa mwalimu wa kwaya, yuleyule waliyenuniana naye.

"Mwalimu, mama anaomba wimbo, na mimi peke yangu siuwezi."

Mwalimu hakumuuliza alikuwa wapi siku zote. Alisema tu, "Ngoja niwapitie wenzetu."

Wakaja, wakabanana kando ya kitanda, hata wale wasiosalimiana. Wakaanza. Dada wa sauti ya kwanza akapanda kupita kiasi, wa sauti ya tatu wakachelewa. Mama akafumbua macho, akatabasamu.

"Enhee! Huo sasa. Na bado mnaukosea palepale!"

Akaunga sauti ya pili kwa mnong'ono.

Ndugu zangu, na sisi je? Kanisa limetuudhi, na Jumapili ijayo litatuudhi tena, wala siwafichi. Lakini ni nani kati yetu aliyepewa sauti zote nne? Nami nalikumbuka kanisa lililotulea, likikosea na kuimba, na ninalipenda. Huyo usiyemsalimia, aliyekaa benchi lile pale, ndiye aliyeshika sauti unayoikosa. Geuka, mpe mkono.