Hodi kwa Mashavu

"Nani mwenye akili atakiita kisima jina la mfinyanzi?" Ndivyo alivyonibwatukia wifi yangu, mbele za watu, chai yangu ikiwa mkononi mwake. Siku ile nilinyamaza. Leo sinyamazi. Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na kiu, pakawa na kisima, pakawa na jina. Mwenye usingizi akalale, mwenye masikio asogee.

Hapo kale, mfinyanzi mmoja, Mashavu, alichimba kisima peke yake, mpaka kucha zikang'oka. Akafa, kisima kikabaki. Ikawa desturi: hutumbukizi ndoo mpaka umempigia hodi. Ndani alikaa chura. Ukiita, "Hodi kwa Mashavu!", chura anajibu, "Karibu, teka." Maji yanapanda mpaka mkononi.

Akaja Mfalme Mkangi. "Hiki ni Kisima cha Mfalme! Atakayemtaja Mashavu, kichwa chake halali ya upanga."

Akaja Padri Ruperti na kengele yake. "Hapana, hiki ni cha Mtakatifu Agata."

Watu wakaogopa. Wakapiga hodi kwa Mfalme, maji yakashuka. Wakapiga hodi kwa Agata, yakashuka. Wakateka kimyakimya, yakashuka. Siku ya tatu ndoo zikapanda na tope.

Siwazuri, binti Mashavu, alikuwa na mtoto mgongoni. Mtoto ulimi mkavu, hata kulia hawezi. Siwazuri akachukua ndoo, huyo!

Akamkuta Mfalme kisimani, kiu imemshika naye, mtu wa upanga ubavuni, Padri nyuma yake.

"Hodi kwa Mfalme!" Mfalme mwenyewe akaita.

"Mfalme? Alishika jembe lini?" chura akauliza. Maji yakashuka.

Padri akainama. "Hodi kwa Mtakatifu Agata!"

"Bibi wa watu, tunamheshimu. Lakini hapa hakuchimba." Maji yakashuka.

Siwazuri akapiga goti. Upanga ukapanda juu ya shingo yake. Mgongoni, mtoto kimya.

"Hodi kwa Mashavu!"

"Nani huyo?"

"Mwanawe!"

"Karibu, teka."

Maji yakapanda, yakapanda, yakapanda, yakalowesha viatu vya Mfalme. Siwazuri akamnywesha mtoto. Mtoto akalia. Siwazuri hakugeuka kuutazama upanga. "Na wewe baba, ukitaka kunywa, bisha hodi kama watu."

Mfalme akameza mate, mate hakuna. Akanong'ona, "Hodi kwa Mashavu."

"Sauti, baba!" chura akasema.

"Hodi kwa Mashavu!"

Mtu wa upanga akajikuna. "Bwana wangu, amri ni yako. Nianze na kichwa kipi?"

Upanga ukarudi alani. Mfalme akanywa, akaondoka na aibu yake. Njiani akauita mlima jina lake. Mlima kimya. Padri akaliita bonde Mtakatifu Agata. Bonde kimya. Ndiyo maana wafalme wamejaa milimani na watakatifu mabondeni: huko hakuna wa kuwauliza, "Ulichimba lini?"

Ngano nimeitua hapa, mzigo si wangu tena. Jina la aliyetoka jasho halifutwi kwa upanga. Kama kuna uongo, mdaini chura. Na wewe uliyesikia, kamsimulie mwenzio, na Mashavu umtaje kwa sauti.