Koti la Mzee Mbaruku

Koti hufuata bega, bega halifuati koti. Jana mlimsikia shangazi yenu akimwambia hivyo bwana harusi wetu, alipokuwa amebana pumzi ndani ya ile suti ya kukodi. Mkacheka, kisha mkaja kuniuliza maneno hayo yametoka wapi. Hayakutoka mbali. Yalianzia hapa hapa Tanga, Ngamiani, na mwenye koti nilimjua. Kaeni niwaeleze.

Palikuwa na mzee akiitwa Mbaruku Mhina. Alifanya ukuli bandarini miaka thelathini na mmoja, enzi ambazo gunia la kahawa lilitoka ghalani juu ya bega la mtu mpaka kwenye tishari, chombo cha kupeleka mizigo melini. Yeye alibebea bega la kushoto. Alipostaafu, bega hilo lilikuwa limeshuka, limepishana na mwenzake kwa vidole vinne, na halikupanda tena. Hakuna aliyemcheka, maana mitaa yetu ilikuwa na makuli wengi, kila mmoja na alama yake ya kazi. Yeye mwenyewe alivaa mashati mapana na siku zikapita.

Binti yake, Saumu, alikuwa mpishi wa keki katika meli kubwa ya watalii. Mwaka mmoja akapiga simu nyumbani na habari mbili. Ya kwanza, kwamba alikuwa amepandishwa cheo, sasa angekuwa mkuu wa wapishi wa keki wote melini. Ya pili, kwamba meli ingepita Mombasa kuelekea Zanzibar na Shelisheli, naye ameruhusiwa kumwalika mzazi mmoja asafiri nayo. Katika safari hiyo kungekuwa na karamu moja rasmi, na hapo ndipo jina lake lingetajwa mbele ya abiria wote. Lakini mwanamume haingii ukumbini siku hiyo ila awe na suti nyeusi, shati jeupe na tai ya kipepeo. Asiye navyo hula chumbani kwake.

Mama yake Saumu, Bi Hadia, alisema yeye haendi, kwani hata pantoni humtapisha. Basi ikabaki kwa Mzee Mbaruku, naye alikuwa na wiki tatu tu. Watu walimshauri aombe ruhusa avae kanzu, ndilo vazi la heshima la kwetu. Hakukataa kwamba ni la heshima. Alisema tu kwamba ameziingia meli nyingi kwa ngazi ya mizigo, akiwaona wenye suti nyeusi wakishuka kwa ngazi ya abiria, na mara hii moja anataka kuvaa kama wao, aketi kama wao, mwanawe akitajwa.

Akaanza kutafuta. Duka la kwanza, kila koti alilovaa lilining'inia upande mmoja kama bendera isiyo na upepo. Duka la pili likawa vile vile. Katika duka la tatu, lile linalokodisha suti za harusi, muuzaji kijana alimzunguka mara mbili, akamvuta huku na huku, mwisho akamwambia koti halina kasoro, kasoro ni kusimama kwake. Akamfundisha ainue bega la kushoto na kulishikilia hapo. Na kweli, kwenye kioo koti lilikaa sawa. Mzee akaomba awekewe koti hilo, akarudi nyumbani kufanya mazoezi.

Wiki nzima alitembea uani akiwa ameinua bega. Alikula hivyo, akateka maji hivyo. Siku ya tano shingo ilikakamaa kabisa. Bi Hadia alimwona akisali, akafika kwenye salamu ya mwisho, akageuka kulia vizuri, lakini kushoto hakuweza. Ikambidi ageuke kiwiliwili chote. Mama yule alingoja amalize, akamkanda kwa mafuta ya nazi ya moto, kisha akamwambia kwa upole kwamba mtu aliyebeba magunia maisha yake yote hapaswi kubeba na koti. Akamtaja Fundi Sufiani wa Barabara ya Tisa.

Fundi Sufiani alikuwa mshonaji wa sare za shule. Suti ya karamu hakuwahi kushona, na alilisema hilo waziwazi. Lakini alikuwa na mkono mzuri, na alimheshimu mzee. Alipompima akaona shida ilipo, akatoa wazo ambalo fundi yeyote angelitoa: atatia sponji nene bega la kushoto, yalingane, na hakuna atakayejua. Akaunga koti kwa nyuzi za muda, akaweka sponji, akamsogezea kioo.

Mzee akajitazama kwa muda mrefu. Mabega yalikuwa sawa kama ya kijana. Kisha akanyoosha mkono kana kwamba anamsalimu mtu, na sponji ikapanda mpaka shingoni. Akashusha mkono, sponji ikabaki huko huko.

"Itoe, Fundi," akasema.

"Nitaishikiza vizuri zaidi, mzee wangu. Haitapanda tena."

"Najua utaishikiza. Itoe tu."

Fundi akamweleza kwamba bila sponji koti litaonyesha kila kitu. Watu watatazama.

"Watazame," Mzee Mbaruku akajibu. "Hili bega limemsomesha huyo mtoto ninayekwenda kumwona. Mimi nimelifuata koti wiki nzima, Fundi, mpaka nikashindwa kutoa salamu kwenye sala. Sasa koti ndilo linifuate mimi. Unaweza au nitafute mwingine?"

Fundi Sufiani akaichomoa sponji. Baadaye alituambia kwamba aliona haya, si kwa sababu ya ukali wa maneno, bali kwa kuwa miaka yote ya kushona kwake alikuwa akikunja kitambaa mara mbili na kukikata mara moja, kana kwamba kushoto na kulia kwa kila mtu ni sawa, na hakuwahi kujiuliza kama kuna mtu aliye hivyo kweli.

"Naweza," akasema. "Ila nipe siku kumi, na uje kila nikikuita."

Akaanza upya. Alipima kulia akaandika, akapima kushoto akaandika, kama anawapima watu wawili. Akakata karatasi mbili tofauti za kukatia kitambaa, moja ya kila upande. Koti la kwanza kola ilisimama mbali na shingo, akafumua. La pili lilivuta kwapani. Akafumua tena, na mzee akaja tena, akasimama tena, bila kunung'unika. Mara ya tatu kola ililala, mgongo ukatulia, na pindo la chini likawa sawa ingawa mabega hayakuwa sawa. Mzee akainua mikono yote miwili juu. Koti halikumbana popote. Akacheka.

Siku ya safari alipanda basi mpaka Mombasa, na melini akaingia kwa ngazi ya abiria. Jioni ya karamu, mhudumu wa mlangoni alimtazama kuanzia viatu mpaka tai, akainamisha kichwa, akamwonyesha kiti. Ukumbini mlikuwa na wanaume zaidi ya mia mbili, wote wamevaa nyeusi kwa nyeupe, kama kunguru. Wengine walimtazama mara mbili, kisha wakaendelea na chakula chao. Yeye alikula kwa raha, shingo yake ikigeuka kote.

Jina la Saumu likatajwa. Akatoka jikoni na nguo zake nyeupe, amebeba kipande cha kwanza cha keki, ambacho kwa desturi yao hupelekewa mgeni wa mwenye kutuzwa. Hakuna aliyekuwa amemwambia baba yake ameketi wapi. Alisimama mlangoni, akatupa macho mara moja tu, akaja moja kwa moja mpaka kwenye meza yake, akapiga goti, akamwamkia.

Mzee akamuuliza amemjuaje upesi hivyo katikati ya watu waliovaa sare moja.

"Nilitafuta bega, baba," Saumu akamwambia. "Nilipokuwa mdogo, makuli mlipotoka getini nyote mmejaa vumbi, ndilo nililokuwa nikilitafuta."

Aliporudi Tanga, Mzee Mbaruku alikwenda kwa fundi kabla hata hajafika nyumbani, akamsimulia yote. Tangu siku hiyo Fundi Sufiani akawa akimwambia kila mteja aliyejibana, aliyejinyoosha au aliyeomba radhi kwa tumbo lake mbele ya kioo, kwamba koti hufuata bega, bega halifuati koti. Wateja wakayachukua maneno hayo, wakayapeleka kwenye ndoa, kwenye kazi, mpaka yakamfikia shangazi yenu.

Basi nendeni mkamwambie bwana harusi avue ile suti, apumue, akamtafute fundi. Koti hufuata bega, bega halifuati koti.